Unaona Nini? Neno kwa Mwenye Miwani Ambaye Bado Haoni Vizuri

Maandiko ya kusoma: Marko 8:22–26, Mwanzo 27:1–29, Luka 17:11–19



Fungua Biblia yako, Marko sura ya nane, mstari wa 22. Kama herufi ni ndogo, vaa miwani yako. Usione haya, na usimwangalie jirani kama anakuangalia. Neno la leo ni la watu wote, lakini kuna kundi moja nataka walisome kwa makini zaidi: ninyi mliotimiza miaka arobaini na kuendelea, mnaovaa miwani, na ndani ya mioyo yenu mnajua kwamba hata mkiivaa bado hamuoni vizuri. Hamjamwambia mtu. Leo tunalizungumzia.

Yesu amefika Bethsaida. Watu wanamleta kipofu, wanamsihi amguse. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, mbali na makelele. Anamtemea mate machoni, anaweka mikono juu yake, halafu anafanya jambo ambalo katika uponyaji mwingine wa vipofu hatulioni likifanyika hivi. Anamuuliza kama anaona kitu.

Hebu simama hapo kidogo. Jiweke kwenye viatu vya yule mtu. Umeletwa na marafiki. Mbele yako amesimama Mwana wa Mungu mwenyewe, ndiye amekuwekea mikono. Anakuuliza, je, unaona? Wengi wetu tungejibu nini? Tungesema, “Amina, naona! Nimepona kabisa!” Kwa sababu tungeogopa kumuaibisha Mtumishi. Tungeogopa kuonekana hatuna imani. Tungeogopa kukiri vibaya.

Yule mtu hakufanya hivyo. Alisema ukweli wake jinsi ulivyo: watu anawaona, lakini wanafanana na miti, ila hii miti inatembea. Maana yake, Bwana, kuna mabadiliko, lakini bado. Naona ukungu.

Na Yesu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia, “Una roho ya mashaka.” Hakumwambia aende nyumbani akiri tu mpaka macho yafunguke. Aliweka mikono mara ya pili, na mtu akaona kila kitu vizuri, hata cha mbali.

Mpendwa, mguso wa pili ulikuja kwa sababu mtu alisema ukweli kuhusu mguso wa kwanza. Kama angedanganya, angerudi nyumbani na watu wake wanaofanana na miti, na kila siku angelazimika kuigiza kwamba anaona. Hilo ndilo neno la Jumapili hii. Tuliangalie polepole.

KWANZA: KUSEMA “SIONI VIZURI” SI KUKOSA IMANI

Kuna wazo limeingia katika makanisa yetu ya Kipentekoste, na limekaa sana. Ati mtu wa imani hataji shida. Ukiitaja, umeipa nguvu. Kwa hivyo dada anakaa kiti cha nyuma, wimbo unaonyeshwa ukutani, maneno yote yamechanganyika, lakini anafungua mdomo kana kwamba anasoma. Ndugu anaitwa asome andiko, anasema “sina sauti leo,” kumbe sauti iko, macho ndiyo hayako. Dereva anasema barabara ya usiku imekuwa na taa kali siku hizi. Fundi wa nguo anasema sindano za siku hizi zina tundu dogo.

Kumbuka wazee wetu wa Biblia. Isaka alipozeeka macho yake yalififia, Mwanzo 27:1. Yakobo naye vivyo hivyo, Mwanzo 48:10. Eli kuhani, 1 Samweli 4:15. Nabii Ahiya, 1 Wafalme 14:4. Hawa si wapagani. Hawa ni baba wa imani, kuhani na nabii, na Roho Mtakatifu hakuona aibu kuandika kwamba macho yao yalipungua. Ndiyo, Musa alifika miaka 120 na macho yake hayakufifia, Kumbukumbu 34:7. Lakini limeandikwa kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. Musa akiwa hivyo, Yakobo hakuwa hivyo, na wote wawili Mungu aliwapenda.

Ukifika kama miaka arobaini, ile lenzi iliyo ndani ya jicho inaanza kuwa ngumu. Zamani ilikuwa laini, inajikunja ili uone cha karibu, inajinyoosha ili uone cha mbali. Ikishakuwa ngumu haijikunji tena vizuri, ndiyo maana unaanza kusogeza simu mbali mpaka mkono unaisha. Si laana. Si mchawi wa kijijini. Ni mwili ule ule ambao Paulo katika 2 Wakorintho 4:16 anasema unachakaa kwa nje, huku mtu wa ndani akifanywa upya kila siku.

PILI: MIWANI SI ADUI WA MAOMBI

Mwaka wa 1306 mhubiri mmoja wa Italia, Giordano da Pisa, alipokuwa akihubiri mjini Florence aliwaambia watu kwamba ilikuwa bado haijatimia miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani ugunduliwe, akausifu kuwa ni ufundi mzuri na unaohitajika sana. Hiyo ni mojawapo ya habari za kwanza kabisa zilizoandikwa kuhusu miwani duniani, na imetoka wapi? Kwenye mahubiri! Mhubiri aliuona ufundi huo kuwa mzuri, akausifu mbele ya watu.

Na Biblia yenyewe haigombani na dawa. Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamjibu na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza wachukue tini wabandike kwenye jipu lake, 2 Wafalme 20. Maombi na tini katika sura moja. Paulo alimwandikia Timotheo ushauri wa tumbo, 1 Timotheo 5:23. Paulo huyo huyo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4:20. Hakusema Trofimo hana imani.

Angalia pia nchi yetu. Hospitali ya PCEA Kikuyu inajulikana kote kwa kutibu macho. Tenwek kule Bomet wanatibu macho. Lighthouse for Christ pale Mombasa ni kituo cha macho kilichoanzishwa na wamisionari. Watu waliojenga mahali hapo walikuwa watu wa maombi. Hawakuona ugomvi kati ya kupiga magoti na chumba cha upasuaji.

Kwa hivyo kama umewahi kusikia mahali popote mtu akiambiwa avue miwani aitupe kama tendo la imani, nataka nikuambie wazi: hapa kwetu hatufanyi hivyo. Tutakuombea, tutakuwekea mikono, tutakupaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyosema. Miwani yako utatoka nayo. Bwana akikuponya, utagundua mwenyewe kwamba huihitaji, na daktari atagundua pia.

TATU: MIWANI HAIREKEBISHI KILA KITU

Hapa ndipo wengi tunapotegwa. Mtu alipimwa macho mwaka fulani, akapewa miwani, akafunga hiyo faili. Macho yakianza kusumbua tena anasema, “Mimi nina miwani tayari.” Au anabadilisha namba mwenyewe. Anaenda kando ya barabara kwa yule kijana anayeuza miwani, anajaribu ya +1.50, anajaribu ya +2.00, anachukua inayomfaa. Sisemi ni dhambi. Kwa kusoma tu, mtu mwenye macho yanayolingana inaweza kumsaidia. Lakini ile miwani ina nguvu sawa pande zote mbili, na macho ya wengi wetu hayalingani. Tena haiwezi kukuambia kitu kingine kinachoendelea ndani ya jicho.

Na kuna wale wamerithi. Mama amelala, watoto wanagawana vitu, mmoja anachukua miwani. Mpendwa, shamba linarithiwa, miwani hairithiwi. Macho ya mama yalikuwa ya mama.

Wacha niwataje wageni wanne wanaoweza kuingia nyuma ya miwani bila kubisha hodi.

Wa kwanza ni mtoto wa jicho. Lenzi inapata ukungu. Unafuta miwani, unafuta tena, kumbe uchafu hauko kwenye kioo, uko ndani ya jicho. Taa za magari usiku zinatawanyika. Miwani mipya inasaidia kidogo halafu inashindwa. Dawa yake ni upasuaji. Lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa nyingine ya kutengenezwa, na watu wengi wanarudi kuona vizuri. Hakuna sababu ya mzee kukaa gizani miaka mitano kwa ajili ya kitu kama hicho.

Wa pili ni kisukari. Sukari ikipanda na kushuka, namba ya jicho nayo inaweza kubadilika. Miwani iliyokuwa sawa mwezi uliopita leo haifai, unamlaumu aliyekutengenezea. Kibaya zaidi, kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na mwanzoni huhisi chochote. Mwenye kisukari akaangaliwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Wa tatu ni glakoma, wengine wanaiita presha ya macho. Sio ile presha ya damu inayopimwa mkononi, usichanganye. Mara nyingi maji yaliyo ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanakandamiza, na ule mshipa unaopeleka habari kwa ubongo unakufa kidogo kidogo. Ile ya kawaida haina maumivu. Inaanza kula pembeni, katikati inaacha. Kwa hivyo unaweza kuvaa miwani yako, ukasoma Zaburi 119 yote, huku pembeni pamefungwa. Unaanza kugonga milango, kukanyaga ndoo, kushtuka pikipiki imetokea ghafla. Kilichopotea kwa glakoma hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Dawa ya kudondosha machoni kazi yake ni kulinda kilichobaki, na ndiyo maana haiachwi. Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, wewe nenda upimwe.

Wa nne anakuja kwa kishindo. Ukiona ghafla mmweko kama umeme ndani ya jicho, au vitu vyeusi vingi kama nzi vikielea, au kama pazia linashuka upande mmoja, au jicho moja limezima, usingoje ibada ya Jumapili. Piga simu tukuombee ukiwa njiani kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2019 lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana shida ya kuona, na angalau bilioni 1 kati yao shida yao ingezuiwa au bado haijashughulikiwa. Bilioni moja! Kati ya hao kuna waliokaa karibu na wewe leo.

NNE: USHUHUDA UNAOPIMWA HAUPOTEZI UTUKUFU

Kuna mama mmoja katika ushirika wetu ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Alikuwa anavaa miwani na anatumia dawa ya macho, kwa sababu alikuwa ameambiwa ana glakoma. Alienda mkutano mmoja wa injili, mbali na hapa. Watu wenye miwani waliitwa mbele, wakaombewa, wakaambiwa wavue. Alivua. Akaulizwa, “Unaona?” Na kweli aliona, maana glakoma inaacha katikati kama nilivyosema. Akapewa kipaza sauti. Watu wakashangilia. Akarudi nyumbani, akaweka miwani ndani ya kabati, na dawa akaacha.

Karibu mwaka mmoja ulipita. Alipoanza kugonga watu barabarani hakusema. Aliponijia, jicho la kushoto lilikuwa limeisha pembeni kote. Nikamuuliza, “Mama, mbona hukusema mapema?” Akanijibu, “Pasta, nilishashuhudia. Ningesemaje tena sioni? Watu wangesema nimepoteza muujiza wangu.”

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Huyu mama hakupoteza jicho kwa kukosa imani. Imani alikuwa nayo nyingi kuliko wengi wetu. Alilipoteza kwa sababu hakukuwa na mahali pa kusema “naona watu kama miti.” Sisi watu wa kanisa tulimpa kipaza sauti cha kusema amepona, hatukumpa kiti cha kusema bado.

Sasa soma Luka 17. Wenye ukoma kumi wanamlilia Yesu. Anawaambia nini? Waende wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, Mambo ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyemkagua mtu mwenye ukoma na kutamka kama ametakasika. Yule mmoja wa Marko sura ya kwanza pia alitumwa huko huko. Yesu mwenyewe alituma uponyaji wake ukakaguliwe! Hakuogopa. Muujiza wa kweli hauogopi mashine ya daktari. Ukipimwa presha ya jicho imeshuka, mshipa uko salama, basi leta ile karatasi hapa mbele, tutaruka pamoja. Na ukipimwa ukaambiwa uendelee na dawa, endelea na dawa, na sisi tutaendelea na maombi. Bwana hakukasirika kuweka mikono mara ya pili.

Yule mama leo amerudi kwa dawa yake asubuhi na jioni. Jicho la kulia limeshikilia. Bado anaimba.

TANO: TUSIMWACHE ISAKA PEKE YAKE HEMANI

Rudi Mwanzo 27. Isaka haoni. Anaingia mtu hemani na chakula. Masikio ya mzee yanamwambia huyu ni Yakobo. Lakini mikono inagusa ngozi za mbuzi, pua inanusa nguo za Esau, na anashindwa na udanganyifu. Nani alimdanganya? Sio mgeni. Ni mke na mtoto, ndani ya nyumba yake, wakitumia kile alichopungukiwa.

Ndugu, hili jambo lipo hata leo. Mzee anapewa karatasi ya shamba, anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi, hawezi kusoma kilichoandikwa juu. Shosho anampa mjukuu simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na namba yake ya siri anamtajia kwa sauti. Kama wewe ni mtoto katika nyumba kama hiyo, Mungu anakuona. Mambo ya Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na inaunganisha jambo hilo na kumcha Mungu. Msomee mzazi wako karatasi yote kabla hajatia sahihi. Mwambie salio lake kama lilivyo.

Nawe mzazi, jambo moja la kukutia moyo. Isaka siku ile alidhani kifo kiko mlangoni. Lakini Yakobo alikaa kwa Labani miaka 20, akarudi, na Mwanzo 35 inatuambia Isaka alikuwa bado hai, akafa akiwa na miaka 180. Zaidi ya miaka 20 baada ya macho kufifia! Usijizike mapema. Macho kupungua sio mwisho wa kazi yako. Eli alikuwa haoni vizuri, lakini ndiye aliyetambua kwamba anayemwita kijana Samweli usiku ni Bwana.

Na sisi kama kanisa tuna la kufanya. Wanaoandaa maneno ya nyimbo, tumieni herufi kubwa, mistari michache, maandishi meupe juu ya giza. Wahudumu wa milango, mkiona mzee anapapasa ngazi, mpeni mkono bila kumsukuma. Mwenye miwani ile ya namba mbili, juu ya mbali na chini ya karibu, akitazama ngazi kwa kioo cha chini ngazi inayumba. Mwambieni ainamishe kichwa atazame kwa kioo cha juu, ashike na ukuta. Vijana, mwekeeni baba Biblia ya kusikiliza kwenye simu. Na mtu akivaa miwani mara ya kwanza, tusimwite “profesa” mpaka aivue kwa aibu.

MWISHO: MACHO YA NDANI

Nimezungumza sana juu ya macho ya mwili, na sikukosea mlango, kwa sababu Yesu naye aliyajali. Lakini usiondoke bila hili. Katika mistari inayotangulia, Marko 8:18, Yesu anawauliza wanafunzi wake kama wana macho na bado hawaoni. Hao walikuwa wameshaguswa. Wamekula mkate wa muujiza mara mbili. Na bado waliona ukungu.

Mtu aliyeguswa mara moja anaona watu kama miti. Na mti unautumia: unaegemea, unachuma, unakata kuni. Kuna waliookoka siku nyingi hapa ambao wanamwona mfanyakazi wa nyumbani kama mti. Askari wa geti kama mti. Mke kama mti wa kivuli. Ulipookoka uliguswa kweli, sibishi. Lakini lini mara ya mwisho ulimwambia Bwana, “Bado sioni vizuri kwa habari ya ndugu yangu”? Ukimwambia ukweli huo, yuko tayari kuweka mikono tena.

Usijifanye unaona, basi. Si mbele ya daktari, si mbele ya familia, si mbele ya Bwana.

YA KUFANYA WIKI HII

1. Kama umepita miaka arobaini na hujapimwa macho kwa miaka miwili, weka siku ya kwenda. Mwombe anayekupima aangalie pia presha ya jicho na nyuma ya jicho, asiishie kwenye namba ya miwani tu.

2. Funika jicho moja, usome ubao ulio mbali, halafu badilisha. Wengi wanagundua siku hiyo kwamba jicho moja limekuwa likibeba lingine.

3. Kama uliacha dawa ya macho baada ya maombi, rudi kwa daktari wiki hii. Hakuna atakayekuuliza juu ya imani yako. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza, mwambie mzee wa ushirika wako wa nyumbani.

4. Mtembelee mzazi mmoja asiyeona vizuri. Msomee sura moja ya Neno, na karatasi yoyote aliyonayo.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

Kwa nini unadhani Yesu alimtoa yule mtu nje ya kijiji kabla ya kumgusa? Ni nini hufanya iwe vigumu kwa mshirika kusema “bado sijapona”? Ni nani katika ushirika wetu tunayemwona kama mti?

SALA

Baba, uliyetengeneza jicho, unaona hata yale tusiyosema. Tunawaleta kwako ndugu zetu ambao macho yao yana ukungu. Waguse, Bwana, na kama ni mara ya pili, waguse tena. Bariki mikono ya madaktari na wauguzi. Wape wazazi wetu watoto waaminifu wa kuwasomea. Tupe ujasiri wa yule mtu wa Bethsaida, tukuambie ukweli. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba na kuamini. Amina.